Lenzi ya Kupigia Picha za Mpira Usiku



Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, nilitoka kwetu Kibokoni baada ya Tarawehe, kamera begani, kwenda kupiga picha za fainali ya vijana katika uwanja mmoja hapa kisiwani. Nilikuwa na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70 hadi 300, nami nikijiona mpiga picha wa gazeti hasa. Nahodha wetu, ambaye alikuwa akicheza mechi yake ya mwisho kabla ya kumaliza Kidato cha Nne, alifunga bao la ushindi mbele ya macho yangu. Nikapiga picha kumi mfululizo. Kesho yake nilipomwonyesha, alicheka, kisha akanyamaza.

"Yakhe, huyu ni mimi ama ni zimwi?"

Bao lile halina picha hadi leo. Sasa kwa kuwa chama kinachangisha pesa za kununua lenzi moja, nimeona ni wajibu wangu kueleza nilichojifunza, tusije tukajuta tena.

Kwanza, tuangalie mwangaza. Kila lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yangu ilikuwa ya 5.6 ikivutwa mpaka mwisho. Lenzi ya 2.8 huingiza mwanga mara nne zaidi ya hiyo, na ya 1.8 karibu mara kumi. Kwa sababu mwanga haukutosha, kamera yangu ililazimika kufungua kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde. Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde husogea sentimita 33 katika muda huo! Kwa 1/500 ungesogea sentimita 4 tu.

Mgala muue na haki yake mpe: lenzi ile si mbaya mchana. Mnamo 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, katika uwanja wa gofu. Joto lilikuwa kali hata Kenenisa Bekele akaacha mbio, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa jua kama lile, lenzi ya 5.6 inatosha kabisa. Usiku ndio unaoiumbua.

Pili, urefu. Wengi hudhani lenzi ndefu zaidi ndiyo bora. Hebu tupige hesabu. Mchezaji wa mita 1.8 akiwa umbali wa mita 20, lenzi ya milimita 200 humchora kwa urefu wa milimita 18 ndani ya kamera. Ya milimita 85 humchora kwa milimita 7.6 hivi. Katika kamera ya chama, ambayo kioo chake cha kunasia picha kina kimo cha milimita 15, hiyo ni nusu ya picha. Nusu inatosha! Ila akiwa mita 40 anakuwa robo tu, kwa hivyo lazima usimame karibu na goli, si kukaa jukwaani ukinywa kahawa.

Tatu, usidanganyike na kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji anayekimbia. Tena taa nyingi za umeme humetameta mara 100 kwa sekunde, hivyo picha moja ikitoka giza, usilaumu lenzi. Piga kadhaa.

Nne, tukinunua iliyotumika, tuikague. Hapa kwetu hewa ina unyevu na chumvi, na lenzi hushikwa na kuvu. Mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, shukuru uende zako. Na tukishanunua, tuiweke katika kopo la kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Maoni yangu ni haya: lenzi ya 70 hadi 200 yenye 2.8 ndiyo mfalme, lakini ni nzito na bei yake haishikiki. Tununue ya milimita 85 yenye 1.8, tusimame karibu. Fainali kubwa ikija, tukodi ile nyingine.

Najua wapo watakaoniambia mchagua jembe si mkulima. Nakubali, mazoezi ni muhimu. Lakini usiku ule nililima mwamba kwa kijiko, na aliyekosa mavuno si mimi, ni nahodha. Wa mwaka huu asikose.