Jina la Nje na Jina la Ndani: Kuhusu Programu Dhibiti ya Seva za Mtumba

Idara ya chuo kikuu yenye fedha chache, ikitaka kuhifadhi tasnifu na sauti za masimulizi iliyoyakusanya, mara nyingi hununua seva iliyokwisha kutumika kwingine. Kabla ya kuikabidhi amana hiyo, yafaa kufahamu kwamba jina lililobandikwa juu ya chombo silo daima jina la aliyekibuni.

Programu dhibiti ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kumbukumbu ya chombo chenyewe, nayo hayapotei umeme uzimwapo. Si mfumo wa uendeshaji wala si programu ya mtumiaji. Iko chini ya hizo zote, na ndiyo inayokiwezesha chombo kuamka na kujitambulisha kwa kompyuta.

Tutoe mfano. Chipu iitwayo SAS2008 ilitengenezwa na kampuni ya LSI kwa ajili ya kadi za kuunganishia diski. LSI yenyewe iliuza kadi ya 9211-8i. IBM iliuza ServeRAID M1015. Dell iliuza PERC H200. Mwaka 2014 LSI ilinunuliwa na Avago, nayo Avago, mwaka 2016, iliinunua Broadcom na kujitwalia jina lake. Mwanaisimu angezilinganisha kadi hizi na lahaja: shina ni moja, lakini kila moja ina desturi zake.

Kwa nini basi kubadili programu ya muuzaji? Sababu ni mbili. Kwanza, muuzaji huacha kutoa masahihisho ya bidhaa iliyozeeka. Pili, programu yake huenda ikaunganisha diski kadhaa na kuzionyesha kama moja, hali watumiaji wengi hupenda kila diski ionekane peke yake. Namna hii ya pili huitwa IT, na ndiyo ifaayo kwa mfumo wa kuhifadhi kama ZFS.

Kazi yenyewe ina hatua nne:

1. Kutambua. Soma jina la chipu na toleo la programu kwa kutumia chombo cha kuandikia, kwa mfano sas2flash. Kibandiko pekee hakitoshi.

2. Kunakili. Nakili data zote mahali pengine, kwa maana diski zilizounganishwa na programu ya zamani huenda zisisomeke kwa programu mpya. Andika pia anwani ya SAS, yenye tarakimu na herufi 16. Programu ya zamani ikifutwa anwani hiyo yaweza kutoweka, na itabidi iandikwe upya.

3. Kuandika. Diski zote zichomolewe kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi yaweza kubaki bubu. Kwa hiyo katika miji yetu, ambamo umeme hukatika bila taarifa, asianze mtu asiye na betri ya akiba. Vilevile, baada ya kufuta programu ya zamani, usiwashe mashine upya kabla ya kuandika ile mpya.

4. Kuhakikisha. Washa upya, linganisha toleo na anwani, kisha jaribu kwa diski isiyo na kitu cha thamani.

Kadi iliyoharibika hununuliwa nyingine. Sauti ya msimulizi aliyekwisha kufariki hainunuliki popote. Ndiyo maana hatua ya pili isirukwe kamwe, hata na fundi aliyezoea.