Bwana, Mbona Ninaonewa?

Matanga yalianuliwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kabla hata majivu ya moto wa wafiwa hayajazolewa uani, mashemeji wawili walifika kwa jirani yangu na mkokoteni. Walichukua baiskeli ya marehemu ndugu yao, godoro, redio na mabati ishirini yaliyokuwa yamenunuliwa kwa ajili ya chumba cha nyuma. Mwisho wakabeba cherehani. Jirani yangu aliishika ile cherehani akasema, "Hii niliinunua mwenyewe, kwa fedha ya upatu." Shemeji mkubwa akamjibu kwamba mke na vyote alivyo navyo ni mali ya ukoo. Wakaondoka. Watoto watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama.

Jioni ile tulikwenda kumwona, akina mama wanne wa jumuiya yetu. Tuliimba, tukaomba, kisha mmoja wetu akamkumbusha habari za Ayubu, jinsi alivyokubali kwamba Mungu aliyempa ndiye mwenye haki ya kuchukua. Jirani yangu alikaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo akasema, "Mume wangu, sawa, Bwana amemtwaa. Lakini cherehani yangu, dada zangu, hakuitwaa Bwana. Ameitwaa shemeji."

Hatukuwa na jibu. Tulirudi makwetu kimya kimya. Lakini tangu siku ile nimeyatafakari sana maneno yake, na ninaamini kwamba yeye aliyekuwa akilia alimjua Mungu vizuri kuliko sisi tuliokwenda kumfariji.

Tusimsingizie Mungu

Mara nyingi mwanamke anapoonewa, sisi Wakristo tunakimbilia kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tunasema hivyo kwa nia njema, kwa sababu hatupendi kumwona mwenzetu akilia. Lakini je, ni kweli? Ukiisoma tena sura ya kwanza ya Ayubu, utaona kwamba ng'ombe na punda wake walichukuliwa na Waseba, na ngamia wake wakachukuliwa na Wakaldayo. Walikuwa wanyang'anyi, nao waliua watumishi kwa upanga. Ayubu alinyenyekea mbele za Mungu, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba wizi ule ulikuwa jambo jema.

Tena wale rafiki watatu waliokuja na maelezo marefu juu ya mateso yake, mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena (Ayubu 42:7). Aliyelalamika ndiye aliyesifiwa, na waliomtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya kweli ndio waliotakiwa kutoa dhabihu na kuombewa.

Kifo ni jambo moja, na dhuluma ni jambo jingine. Kifo cha mume tunakikabidhi kwa Mungu kwa machozi. Lakini dhuluma anayofanyiwa mjane, Mungu mwenyewe ameikataza, na amesema kwamba kilio cha mjane atakisikia (Kutoka 22:22-23). Bwana Yesu naye aliwakemea viongozi wa dini waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:40). Kwa hiyo mama unayeonewa, usiyabebe maumivu mawili, yaani kunyang'anywa, na juu yake kudhani kwamba aliyekunyang'anya ni Mungu.

Naomi hakuficha uchungu wake

Katika Biblia kuna mwanamke ambaye kila mjane angependa kuketi naye. Naomi aliondoka Bethlehemu na mume wake Elimeleki na wana wao wawili kwa sababu ya njaa. Walikaa nchi ya Moabu miaka ipatayo kumi. Huko alimzika mume, kisha akawazika Maloni na Kilioni. Alirudi nyumbani akiwa na mkwewe Ruthu, mjane mwenzake na mgeni katika nchi ile.

Wanawake wa Bethlehemu walipomwona walishangaa, wakaulizana kama kweli ni yeye. Jina Naomi lina maana ya utamu. Yeye akawaambia wasimwite tena hivyo, wamwite Mara, yaani uchungu. Akasema wazi kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu (Ruthu 1:20-21).

Hayo ni maneno mazito. Sisi tungemwambia, "Nyamaza, mama, usikufuru." Lakini hakuna malaika aliyeshuka kumkaripia, wala nabii aliyetumwa kumwonya. Maneno yake yameandikwa katika Maandiko Matakatifu jinsi alivyoyasema. Naye Daudi katika Zaburi ya 13 anamwuliza Mungu hata lini, si mara moja bali mara nne katika aya mbili za kwanza. Kumlilia Mungu kwa uchungu si kukosa imani. Anayemlalamikia bado anaamini kwamba yupo na kwamba anasikia.

Kuna jambo jingine katika kitabu kile. Mahali popote ndani yake hatuambiwi kwa nini Elimeleki na wanawe walikufa. Naomi hakupewa maelezo. Alipewa mtu wa kukaa naye, akapewa na shayiri.

Matumaini yalikuja na debe la shayiri

Naomi na Ruthu walifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri. Sheria ya Musa iliamuru kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, na masazo asiyaokote, awaachie maskini na mgeni, yatima na mjane (Walawi 19:9-10, Kumbukumbu la Torati 24:19-21). Ruthu aliposhika njia kwenda kuokota masazo katika shamba la Boazi, hakwenda kuombaomba. Alikwenda kuchukua haki ambayo Mungu alikuwa ameiweka katika sheria muda mrefu kabla yeye hajazaliwa. Jioni alirudi na efa moja ya shayiri, kiasi cha debe moja na zaidi kidogo. Hebu mfikirie Naomi, aliyesema amerudi mtupu, akiuona mzigo ule mlangoni.

Baadaye Boazi alikwenda langoni, mahali wazee wa mji walipoamulia mashauri. Akaketi pamoja na wazee kumi, na habari ya shamba la Elimeleki ikasemwa hadharani, mbele ya mashahidi. Hakuna kilichofanywa kwa siri. Hivyo Mungu alimtunza Naomi kwa njia tatu, ambazo ni mkwe aliyekataa kumwacha, sheria iliyomlinda maskini, na mtu mwadilifu aliyekuwa tayari kusimama mbele ya wazee.

Na sisi leo tunalo lango letu. Wanawake wengi hawajui kwamba nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yu huru kuishi anapotaka, na yu huru kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Hakuna anayeweza kumlazimisha arithiwe na shemeji. Mwaka 1990 katika Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume, ingawa mila ilimkatalia. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu tu ni mwanamke.

Mjane anayekwenda mahakamani kudai haki yake hajakosa uvumilivu wa Kikristo. Bwana Yesu alipotaka kutufundisha kuomba bila kukata tamaa, mfano aliouchagua ni wa mjane aliyekwenda tena na tena kwa kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake (Luka 18:1-8).

Na ikiwa haki haiji?

Lakini hapa lazima tuseme kweli. Kuna wajane walioomba, wakadai, na hawakupata. Wapo waliouguza watoto mpaka mwisho. Naomi mwenyewe alimbeba Obedi kifuani, na wanawake wakamfurahia, lakini Maloni na Kilioni walibaki makaburini Moabu. Mtoto mpya hafuti jina la aliyezikwa. Je, mama wa namna hiyo ana tumaini gani?

Imani yetu imesimama juu ya mtu aliyeonewa. Katika Injili ya Luka, sura ya 23, Pilato anatamka mara tatu kwamba haoni hatia kwa Yesu, kisha anamtoa asulubiwe. Mungu wetu hakuisikia dhuluma kwa masimulizi ya watu. Aliipata mwilini mwake, na nguo zake zikagawanywa kwa kura akiwa bado anatazama. Mama uliyeona vitu vyako vikigawanywa mbele ya macho yako, yuko anayejua jambo hilo lilivyo.

Na siku ya tatu Baba aliitengua hukumu ile. Aliyehesabiwa mwovu akafufuliwa. Wa kwanza kumwona, kama Yohana anavyotuambia, alikuwa mwanamke aliyesimama kaburini akilia, naye Bwana akamwita kwa jina lake. Hilo ndilo tumaini letu. Hatuahidiwi kwamba kila cherehani itarudi. Tunaahidiwa kwamba wanadamu, hata wakiwa na ukoo mzima nyuma yao, hawana neno la mwisho. Siku inakuja ambayo Mungu mwenyewe atafuta kila chozi (Ufunuo 21:4). Atayafuta kwa sababu ameyaona.

Tufanyeje sasa?

Kama una jirani aliyeonewa, usianze na mahubiri. Kaa naye. Mchotee maji, mpeleke mtoto wake kliniki, mwache alie. Msaidie kutunza cheti cha ndoa, cheti cha kifo na stakabadhi za vitu vyake. Akiitwa kwenye kikao cha ukoo, asiende peke yake. Nanyi wenye waume, zungumzeni juu ya wosia mkiwa na afya, wala msiogope kwamba mnajiitia kifo. Na kama wewe ni wifi au mama mkwe, kumbuka kwamba mkokoteni ule unaweza kupita mlangoni kwa binti yako pia.

Jirani yangu alikwenda mahakamani. Mzee mmoja wa kanisa alifuatana naye, akina mama tukachangia nauli. Ilichukua mwaka mzima na zaidi. Nyumba ilibaki kwake na watoto. Mabati mengine yalirudishwa, baiskeli haikurudi, na cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa. Sasa anashona kwa cherehani ya kukodi, barazani kwake, na kila mwezi anaweka kando kidogo kidogo ili anunue yake.

Siku moja nilimwuliza kama amewasamehe mashemeji. Alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Naomba kila siku niweze," akasema. "Siku nyingine naweza. Lakini Mungu sina ugomvi naye tena, dada. Nimeona kwamba siku ile alikuwa upande wangu."