Picha za Kitabibu na Maradhi ya Sakafu ya Nyonga kwa Wanawake

Ndani ya fupanyonga la mwanamke, kati ya mfupa wa kinena ulioko mbele na kifandugu kilichoko nyuma, imetandikwa misuli iliyofumana na kano mithili ya kitanda cha kamba. Juu yake hukaa kibofu cha mkojo, kizazi na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Madaktari huuita mtandiko huo sakafu ya nyonga. Lakini tofauti na sakafu ya nyumba, hii haikutulia: hujikaza mtu akohoapo, achekapo au ajitwikapo ndoo ya maji, na hulegea aendapo haja. Katikati yake mna mwanya wa kupitisha njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Mwanya huo ndio udhaifu wake, na hapana namna ya kuukwepa, kwani bila ya huo mtoto asingezaliwa.

Sakafu hiyo ikiharibika, mwanamke huweza kuvuja mkojo apigapo chafya, kushindwa kuzuia choo au upepo, au kushindwa kumaliza haja kubwa bila ya kujikamua mno. Huenda pia kizazi kikashuka, naye akahisi kitu kizito kikimlemea ukeni, hasa jioni baada ya kazi za kutwa. Maradhi haya yasichanganywe na fistula, ambayo ni tundu litokanalo aghalabu na uchungu wa kuzaa uliokawia, na ambalo hugunduliwa zaidi kwa macho na kwa maji ya rangi kuliko kwa picha.

Je, ni wangapi waugua? Utafiti uliofanywa katika vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake zaidi ya 1,000. Takriban 65 katika kila 100 walikuwa na mteremko wa viungo wa daraja la pili au zaidi, na karibu 7 katika kila 100 viungo vyao vilikuwa vimeshuka sentimita 1 au zaidi kupita usawa wa kizinda. Tarakimu ya kwanza isimtishe msomaji, maana mteremko mdogo mara nyingi hauleti usumbufu wowote. Ile ya pili ndiyo ya kutafakari. Mwanamke wa kundi hilo hujisitiri kwa kitambaa, huacha kwenda harusini na misibani, na si ajabu akakaa miaka mingi bila ya kumwambia mtu, hata binti yake.

Madaraja hayo hupimwa kwa kipimo cha kimataifa kilichotangazwa mwaka 1996, ambacho hakihitaji mashine: daktari hutumia macho na kijiti chenye alama za sentimita. Ni kipimo kizuri, lakini huona ngozi ya uke tu. Uvimbe ukitokeza kwenye ukuta wa nyuma, waweza kuwa ni puru iliyochomoza, au ni utumbo mdogo ulioshuka kati ya puru na uke, au ni sakafu yote iliyolegea. Kwa nje mambo hayo matatu hufanana. Kwa daktari mpasuaji ni kazi tatu tofauti. Hapo ndipo picha ihitajikapo.

Eksirei ndiyo iliyotangulia. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya waliwatia wagonjwa uji mzito wa bariamu katika puru, wakawaketisha juu ya kiti cha choo mbele ya mashine, na kuwapiga picha walipokuwa wakijisaidia. Njia hiyo yatumika hata leo, na kwa mwenye shida ya haja kubwa yafichua mengi, kwa kuwa mgonjwa huketi kama aketivyo siku zote. Hata hivyo humtia mionzi, na staha yake haisaliki hapo. Kisha ikaja mashine ya sumaku ijulikanayo kwa herufi MRI. Mwaka 1991 wataalamu wa Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba yaweza kupiga picha za harakaharaka huku mgonjwa akijikamua, na misuli yenyewe ikaonekana waziwazi pasipo mionzi. Kasoro yake, mbali na gharama, ni kwamba katika mashine nyingi mgonjwa hulala chali, na kiungo kishukacho mtu akiwa wima huenda kisishuke vya kutosha akiwa amelala.

Mashine hiyo ndiyo iliyotatua kitendawili cha zamani: sakafu huharibikaje wakati wa kuzaa? Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wa wanawake 160 waliozaa mara moja kwa njia ya kawaida na 80 ambao hawajazaa. Katika wale 80 hakuonekana hata mmoja mwenye dosari katika musuli mkuu wa sakafu, ule wenye kazi ya kuinua. Katika wale 160 walionekana 32. Mara nyingi dosari hiyo ni musuli kubanduka ulikoshikamana na mfupa wa kinena, upande mmoja au pande zote mbili. Si jambo la kustaajabisha, kwani hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2004 zilikadiria kuwa kichwa cha mtoto kipitapo, sehemu ya ndani kabisa ya musuli huo hunyooshwa zaidi ya mara 3 ya urefu wake. Mtoto akivutwa kwa koleo hatari huzidi.

Mimi binafsi naona kwamba kwa nchi zetu chombo cha kutegemewa ni ultrasaundi, ile ile itumikayo kumtazama mtoto tumboni. Kwanza mgonjwa huenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia mteremko usionekane. Kishikio cha mashine hupakwa jeli, huvikwa glavu, na huwekwa kwa nje baina ya midomo ya uke. Mara kwenye kioo huonekana mfupa wa kinena, kibofu, uke, puru, na nyuma yao musuli uking'aa. Mgonjwa huambiwa ajikamue kwa sekunde 6 hivi, na mpimaji huangalia ni kiungo gani kimeshuka chini ya ukingo wa mfupa wa kinena, na kwa milimita ngapi. Kibofu kikishuka milimita 10 au zaidi, au puru milimita 15, hilo ni jambo la kutiliwa maanani. Kwa kishikio kichukuacho picha za pande tatu hupimwa pia eneo la mwanya: likifika sentimita 25 za mraba mgonjwa ajikamuapo, mwanya umepanuka kupita kiasi.

Mpimaji ajihadhari na jambo moja. Wanawake wengi waambiwapo wajikamue, kwa haya au kwa hofu ya kujichafua hujikaza badala yake, na picha ikadanganya kuwa hapana mteremko. Mpimaji mwenye pupa ataandika kwamba mgonjwa ni mzima.

Picha haimwamulii daktari kama apasue au asipasue; hilo hutegemea mashaka ya mwenyewe mgonjwa. Kazi yake ni kumtahadharisha. Mwanamke ambaye musuli wake umebanduka ana hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na mteremko baada ya kushonwa, na pete ya mpira ya kushikilia kizazi huelekea zaidi kumtoka. Ni haki yake kuyajua hayo kabla ya kuuza mbuzi ili alipie nauli na matibabu.

Mashine hiyo ina faida nyingine isiyo ya daktari. Mazoezi ya kukaza sakafu ya nyonga, yaliyoenezwa na Arnold Kegel tangu mwaka 1948, huwashinda wengi kwa sababu misuli yenyewe haionekani, na mtu hukaza tumbo au matako akidhani amefanya sawa. Kioo kikigeuziwa upande wake, mwanamke huona musuli ukipanda kuelekea mbele akaza­po, na kibofu kikiinuka pamoja nao. Akikosea huona pia, na hapo hapo mkunga humwelekeza ajaribu tena.