Benzi Kuukuu na Mfuko wa Familia

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kulisikia neno "Wabenzi". Tangu miaka ya 1960 wananchi wa Afrika Mashariki walilitumia jina hilo, kwa mzaha na kwa uchungu pia, kuwataja wakubwa waliopita barabarani ndani ya Mercedes-Benz huku wengine wakienda kwa miguu. Walilitamka kana kwamba hao walikuwa kabila moja zaidi miongoni mwa makabila yetu. Lakini dunia haikai mahali pamoja. Gari lililomchukua mkubwa miaka arobaini iliyopita, leo aghalabu utalikuta limeegeshwa chini ya mwembe, limebandikwa karatasi isemayo "Linauzwa", na bei yake yaweza kuwa ndogo kuliko ya gari dogo lililoshuka juzi kutoka Japani. Mtu wa kipato cha kawaida akiliona, moyo humwenda mbio.

Makala haya ni ya mtu huyo, na ni ya yule pia ambaye amekwisha kulinunua au kulirithi kwa mzee wake. Shabaha yetu si kumkataza mtu kitu chake. Twataka kumkumbusha jambo moja ambalo muuzaji hatamwambia: gari la kifahari likizeeka, bei yake hushuka, bali gharama ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Vipuri vyake, ustadi uhitajiwao na uzito wake barabarani hubaki vile vile vilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Asiyelifahamu hilo hujikuta siku moja akichagua kati ya ada ya shule na giaboksi. Alifahamuye, na akajipanga, aweza kulitumia gari hilo hata wajukuu wakalipanda.

GARI LENYEWE

Tuchukue mfano wa Benzi ambayo mafundi huiita W123. Ilitengenezwa Ujerumani Magharibi tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Magari karibu milioni 2.7 ya namna hiyo yalitoka kiwandani. Yaliyosifika kwa uvumilivu ni yale ya dizeli, hasa 240D yenye silinda nne na 300D yenye silinda tano. Hayakuwa na mbio, wala hayakuundwa kwa ajili ya mbio. Yaliundwa yadumu.

Gari liendalo kilometa 15,000 kwa mwaka hutimiza kilometa 300,000 kwa miaka ishirini. Likiongeza miaka sita, litakuwa limekwenda umbali uzidio ule wa kutoka duniani hadi mwezini, ambao kwa wastani ni kilometa 384,000. Umbali huo si hukumu ya kifo. Dereva mmoja wa teksi wa mji wa Thessaloniki, huko Ugiriki, alinunua 240D ya mwaka 1976 ikiwa tayari imetumika, imekwenda kilometa 220,000. Ilipofika mwaka 2004 akaikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni iliyoiunda, na hesabu yake ilikuwa kilometa milioni 4.6.

Msomaji atauliza: je, ni chuma gani kile kisichochoka? Jibu ni kwamba chuma kilichoka. Injini yake ilibadilishwa mara nyingi katika miaka hiyo. Kilichodumu ni desturi ya mwenyewe ya kubadilisha kila kilichochoka kabla hakijavunja kingine. Funzo la teksi ile ni hilo, wala halihitaji muujiza.

MAADUI WAWILI

Gari lina maadui wawili, nao hawafanani. Adui wa kwanza ni kilometa, ambazo husaga chuma kwa chuma: pete za pistoni, beringi, cheni ya taimingi, meno ya giaboksi. Adui wa pili ni miaka, ambayo hula mpira, mafuta na bati hata gari likiwa limesimama tu uani. Ndiyo maana muuzaji akikuambia kwa fahari, "Hili halijatembea sana, mzee alikuwa akilitumia kwenda sokoni tu," usishangilie upesi. Paipu za mpira zilizokaa miaka thelathini zimekauka, zimetembea zisitembee.

Tena, usiiamini mno mita ya kilometa. Katika magari haya mita hiyo hukatika mara kwa mara na gari likaendelea kwenda bila kuhesabiwa. Kwingine hurudishwa nyuma kwa hila. Itazame pedali ya breki, shika usukani, kaa juu ya kiti cha dereva. Kilometa 80,000 haziwezi kuumaliza mpira wa pedali ukang'aa kama sufuria.

KWANZA ROHO ZA WATU

Fedha za matengenezo ni chache siku zote, kwa hiyo hapana budi ziwe na utaratibu. Wengi huanza na rangi na kutarizi viti, kwa kuwa hivyo ndivyo vionwavyo na majirani. Huo ni mwanzo mbaya. Shilingi ya kwanza ni ya breki, usukani na matairi, maana humo ndani huketi mkeo, mumeo na watoto.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yapasa yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, wala si kuongezwa tu yanapopungua. Mafuta yenye maji ndani yake hayakuonyeshi ubaya wowote mjini. Siku utakapoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, au mteremko wa Kitonga, ukiwa umekanyaga breki kwa muda mrefu, joto litayachemsha, mapovu yatatokea, na pedali itazama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Katika mteremko kama huo tumia gia ndogo, injini ikusaidie kulizuia gari. Kadhalika paipu za mpira zipelekazo mafuta kwenye magurudumu huvimba kwa ndani zikizeeka. Nje zaonekana nzima, ilhali ndani njia imekwisha kuziba.

Matairi nayo yana tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi zaweza kuwa bado ndefu, lakini mpira wake ukiwa umepasuka nyufa ndogo ndogo, halifai safari. Mwisho, tikisa magurudumu ya mbele gari likiwa juu ya jeki na stendi imara, uyasikilize maungio ya usukani. Likigonga, lipeleke kwa fundi kabla hujafikiria jambo jingine.

PILI UHAI WA INJINI

Injini ya dizeli ya zamani haina madai mengi, ila yale machache iliyo nayo haisamehe. Dai la kwanza ni oili safi. Kwa gari kuukuu, kubadilisha oili na chujio lake kila kilometa 5,000 ni desturi njema. Kwa mwendo tuliotaja ni mara tatu kwa mwaka. Linganisha gharama ya mara hizo tatu na gharama ya kupindua injini nzima, nawe utaona ni ipi iliyo rahisi.

Dai la pili ni valvu. Katika 240D na 300D valvu hurekebishwa kwa mkono, kazi ambayo mafundi huiita kuseti tapeti, kila baada ya kilometa 24,000 hivi. Kwa 240D, injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu za kuingiza hewa ni milimita 0.10, na za kutoa moshi ni milimita 0.40. Nafasi hiyo hupungua kimya kimya. Valvu zikiacha kufunga sawasawa, asubuhi gari hukataa kuwaka, na mwenyewe hununua betri mpya, kisha hita plagi, kisha tena betri, ilhali ugonjwa ungetibiwa kwa fila geji na saa mbili za fundi mwangalifu.

Dai la tatu ni dizeli iliyochujwa. Gari hili lina machujio mawili ya dizeli: moja dogo la plastiki uwezalo kuona ndani yake, na jingine kubwa la bati. Lile dogo likiwa jeusi, usingoje gari likuzimikie njiani. Maji na uchafu vikifika kwenye pampu ya dizeli na nozeli, utakuwa umeingia katika mojawapo ya matengenezo ya gharama kubwa ya gari la namna hii.

Dai la nne ni maji ya rejeta. Wako wasemao kwamba kwa kuwa nchi zetu hazina barafu, maji ya bomba yatosha. Hilo ni kosa. Kulanti haizuii kuganda tu. Huzuia pia kutu na magadi ndani ya injini, na huchelewesha maji kuchemka. Maji matupu hula pampu na kuziba njia ndogo za rejeta, na gari huanza kuchemka kila lipandapo mlima. Tazama mshale wa joto kama unavyotazama barabara. Ukipanda kuliko kawaida, simama. Kilometa tano za kulazimisha zaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Liko pia jambo liwatishalo wengi: ufunguo unazungushwa, unatolewa, na injini haizimiki. Huo si uchawi. Injini hii huzimwa kwa nguvu ya hewa inayonyonywa katika vijipaipu vyembamba, na nguvu hiyo hiyo hufunga milango yote kwa pamoja. Kijipaipu kimoja kikipasuka, hewa huvuja na injini haipati amri. Mara nyingi dawa yake ni kipande kidogo cha mpira.

TATU MWILI NA MAPAMBO

Injini yaweza kubadilishwa, lakini bodi ikioza gari limekufa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi ndiyo mwizi mkubwa. Inua mazulia ya sakafuni uone kama kuna unyevu. Chunguza matao ya magurudumu, kingo za chini za milango, mahali pa kupachikia jeki, na ukingo wa kioo cha mbele. Osha gari upande wa chini pia, uzibue matundu ya kutolea maji. Kiraka cha kutu kikiwa sawa na sarafu, kikwangue, ukipake dawa na rangi. Ukikiacha misimu miwili ya masika utaita fundi wa kuchomelea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Viti, rangi na redio vingoje zamu yao. Na kama gari unalolitamani ni la miaka ya baadaye, chunguza umeme wake kwa makini zaidi. Baadhi ya Benzi za miaka ya mwanzo ya 1990 zilikuwa na nyaya za injini ambazo maganda yake husagika kwa joto, na kuzibadilisha si kazi ndogo.

FUNDI, VIPURI NA DAFTARI

Usichague fundi kwa urahisi wa bei peke yake. Mchague yule akuonyeshaye kipuri cha zamani na kukueleza kilichokiua. Uendapo Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, chukua kipuri chako mkononi pamoja na namba ya chasisi, ulinganishe. Kipuri cha bandia chaweza kuvalika katika taa au kapeti. Katika breki na usukani usikubali. Kipuri kilichotumika lakini ni halisi mara nyingine ni bora kuliko kipya cha kuiga, isipokuwa kitu cha mpira, ambacho lazima kiwe kipya.

Kisha nunua daftari la kurasa hamsini. Andika tarehe, kilometa, kilichofanywa, na fedha zilizotoka. Daftari hilo litakulinda na fundi atakaye kukubadilishia kitu kile kile mara mbili, nalo litakupa heshima siku ya kuuza. Zaidi ya yote, lisomwe na watu wawili. Baba akilificha daftari, mama atajua tu kwamba fedha zinapotea. Wakilisoma pamoja, wataweza kutenga kiasi cha gari kila mwezi, hata mwezi ambao halikuharibika. Magari mengi kuukuu huuawa na mwezi mmoja wa matengenezo ya ghafla ambao haukuwekewa akiba.

Daftari ndilo litakalowaambia pia siku ya kuachana na gari. Ikiwa kutu imeingia katika mihimili ya sakafu, au ikiwa kwa miaka miwili mfululizo fedha za gari zimekula fungu la chakula na shule, liuzeni bila haya, na mmweleze mnunuzi ukweli.

Leo ni Jumapili, ndugu msomaji. Kabla jua halijatua, injini ikiwa imepoa, fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili ukitazame. Pima maji ya rejeta. Angalia kimo cha mafuta ya breki. Soma tarakimu nne za kila tairi, pamoja na lile la akiba. Kazi hiyo haizidi robo saa, na mtoto aliye darasa la tano aweza kukushikia daftari na kuandika.