Fahamu: Paka Mpelelezi Anapendewa Nini?

Maiti ipo, ila damu huioni. Ndiyo kanuni ya riwaya tulivu za upelelezi: mji ni mdogo, watu wanajuana, na anayefumbua fumbo si polisi. Mmarekani Lilian Jackson Braun alimtia paka humo mwaka 1966, akaandika riwaya 29 za mwanahabari Qwilleran na Koko, paka wake wa Kisiamu. Koko hasemi. Hunusa, huangusha kitabu rafuni, na binadamu akajipigia hesabu. Utamu uko hapo, kwa maoni yangu: msomaji hushindana na paka, na kushindwa na paka hakuudhi.

Kwa Kiswahili, jirani wa karibu ni mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, aliyetokea mwaka 1960 katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale: kiko mdomoni, akili kichwani, fumbo la Unguja mbele yake. Paka hana.

Na mji wa kumweka paka huyo upo: Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, lakini umbeya wa mtaani haujapata habari hiyo; watu bado wanajuana kama wa mji mdogo. Waandishi wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, uwanja ni wenu. Anzeni kwa kumsoma Bwana Msa.