Mbona Apimwe Mke Peke Yake?

Hapa Mabanga, kijana akisimama wima mbele ya kisu cha mtahiri bila kupepesa jicho, huhesabiwa mwanamume tangu asubuhi ile. Kila mwaka wa shufwa, ifikapo Agosti, chinyimba hulia, vijana wa Kibukusu hupakwa matope, na ukoo mzima huandamana nao. Ninalotaka kulizungumza leo huja miaka kadhaa baadaye, kijana yule akiwa ameoa na nyumba yake ingali kimya.

Ndugu msomaji, unajua atakayeulizwa ni nani. Mama mkwe atamtazama mke tumboni. Atanyweshwa mizizi, atapelekwa hospitali, na mwishowe mume atashauriwa aoe wa pili. Nimeona boma ambamo wa pili naye hakuzaa, na bado hapakuwa na aliyethubutu kumgeukia mwenye boma. Majina ya marehemu, ambayo kwetu hupewa watoto, yakakosa wa kuyabeba.

Nadhani tatizo huanzia barazani, pale watu wanapochanganya uhanithi na ugumba. Hanithi hawezi tendo lenyewe. Mgumba aweza kuwa hodari wa mambo hayo na manii yakamtoka kama kawaida, kumbe hamna mbegu hata moja. Jicho halioni hayo, huona hadubini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilitaja mbegu milioni 16 kwa kila mililita kuwa kiwango cha chini cha kulinganishia. Aliye chini ya hapo bado aweza kuzaa, ila kwa taabu zaidi. Tena idadi pekee haitoshi, kwani lazima ziweze kuogelea. Katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume ana sehemu yake.

Korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili, ndiyo maana zikaning'inia nje. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu hadi kuwa tayari, kwa hiyo homa kali ya malaria ya mwezi Mei yaweza kuonekana katika kipimo cha Julai. Matumbwitumbwi yakimpata mtu mzima huweza kushukia korodani, na kisonono kisichotibiwa huziba mirija. Wengine wana mishipa ya damu iliyovimba huko chini, na hiyo hutibika kwa upasuaji. Sigara na chang'aa ya kila siku nazo huharibu. Vijana wanaojidunga homoni za kiume ili watunishe misuli wajue kwamba sindano hizo huufanya mwili uache kutengeneza mbegu!

Sisi wakulima tuna letu la ziada. Mwaka 1977, katika kiwanda cha dawa za kilimo huko Lathrop, California, wafanyakazi waliketi wakizungumza, wakatambua kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu kabisa na wengine walikuwa nazo chache mno. Dawa yenyewe, DBCP, ilikuwa ya kuua minyoo ya mizizi, na Marekani ilizuia matumizi yake mengi mwaka 1979. Siri ile ilifichuka kwa sababu wanaume waliambiana. Mabanga yetu ina kituo cha mafunzo ya wakulima, lakini bado namwona jirani akinyunyizia nyanya dawa kifua wazi, bila glavu, huku upepo ukimrudishia usoni.

Kipimo chenyewe si kazi kubwa. Mwanamume hujizuia siku mbili hadi saba, kisha hutoa manii katika kikopo safi, nayo huchunguzwa kabla saa moja haijapita. Matokeo yakiwa mabaya, hurudia baada ya wiki kadhaa. Sielewi aliyestahimili kisu hadharani anaonea haya kikopo cha maabara. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, waende wote wawili, siku moja.