Wakati Kwanza, Kodi Baadaye: Sayansi ya Kusindikiza kwa Gitaa la Jazi

Mpiga gitaa Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Katika karibu nusu karne hiyo alipiga solo kwa nadra mno. Kazi yake ilikuwa kupiga kodi mara nne katika kila baa, bila amplifaya, huku amezungukwa na tarumbeta, trombon na saksafoni zaidi ya kumi. Pamoja na Basie kwenye piano, Walter Page kwenye besi na Jo Jones kwenye drams, aliunda kikosi cha rithimu ambacho wanajazi hadi leo wanakitumia kama kipimo. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi anaielewa kazi hiyo: ni ya gitaa linalokaa nyuma ya solo na kuushikilia wimbo.

Anayejifunza kusindikiza kwa gitaa la jazi ana jambo kubwa la kuchukua kwa Green: sikio hudai wakati kabla halijadai kodi. Wanafunzi wengi huanzia upande wa pili. Wanakariri kodi zenye majina marefu, na huku mkono wa kulia bado unayumba.

Tuanze na swali la fizikia: gitaa lisilo na umeme lilisikikaje katikati ya bendi kubwa? Jibu la kwanza ni nafasi. Uzi wa chini kabisa wa besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Uzi wa nne wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetema takriban mara 147. Green alipendelea kodi za sauti chache kwenye eneo hilo la kati, juu ya besi na chini ya sehemu kubwa ya milio ya tarumbeta. Jibu la pili ni mwanzo wa mlio. Piki inapogusa uzi hutoka mshindo mfupi wenye masafa mengi ya juu, na mshindo huo ndio unaoliambia sikio pigo limeangukia wapi. Baada ya hapo vidole vya kushoto hulegea bila kuacha nyuzi, na mlio hukatika. Mpiga rithimu basi hupiga kwa mkono mmoja na kunyamazisha kwa mwingine, na vyote viwili vinahitaji mazoezi sawa.

Ubongo nao una sehemu yake. Mwaka 2007 Jessica Grahn na Matthew Brett walichapisha utafiti uliotumia picha za ubongo za watu waliokuwa wakisikiliza midundo. Mdundo ulipokuwa na pigo linaloeleweka, viini vya ndani vinavyosaidia kuongoza miendo, pamoja na eneo la ubongo linaloandaa miendo, vilichangamka zaidi. Maana yake, kusikia pigo ni kulitarajia, na mwili hushiriki katika kutarajia huko. Matarajio hayo yana kasoro yake. Watu wakiambiwa wagonge kidole pamoja na metronomu (kifaa cha kuhesabu pigo), wengi huutangulia mlio wake kwa makumi kadhaa ya milisekunde, ingawa pengo hilo huwa dogo kwa waliozoea muziki.

Ndiyo sababu walimu wa jazi hupenda zoezi hili. Tega metronomu kwenye 60, kisha uhesabu kila mlio kuwa pigo la pili au la nne. Wimbo sasa unakwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, na pigo la kwanza na la tatu huna budi kuyatoa kichwani mwako. Ukiharakisha, mlio unaofuata utakuumbua papo hapo.

Hatua inayofuata ni kuligawa pigo. Kwenye mwendo wa swingi, nusu mbili za pigo hazilingani: ya kwanza ni ndefu, ya pili ni fupi. Vitabu vingi hufundisha uwiano wa mbili kwa moja. Anders Friberg na Andreas Sundström wa Sweden waliwapima wapiga drams wa jazi, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba uwiano hubadilika kufuata kasi. Katika mwendo wa polepole unaweza kufika 3.5 kwa moja; katika mwendo wa kasi sana nusu hizo hukaribia kulingana. Kuanzia mwendo wa wastani kwenda juu, noti fupi ilibaki karibu na sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mtindo uliouzoea polepole hauwezi kuongezwa kasi tu ukabaki na ladha ileile. Usikilize na kuupiga upya katika kila mwendo.

Chukua mtindo wa Charleston, uliopata umaarufu kwa wimbo wa James P. Johnson wa mwaka 1923. Hesabu “moja na mbili na tatu na nne na”. Piga kwenye “moja”, kisha kwenye “na” inayofuata “mbili”, halafu nyamaza mpaka baa iishe. Kwa G7, bonyeza uzi wa nne kwenye freti ya tatu na uzi wa tatu kwenye freti ya nne. Kwenda C7, rudisha vidole vyote viwili freti moja nyuma. Noti za msingi mwachie mpiga besi. Sauti mbili tu zimetosha kutambulisha kodi, na akili yako yote imebaki kwenye wakati.

Je, ujaze mapigo mangapi ya kushtukiza? Mwaka 2014 Maria Witek na wenzake waliwasikilizisha watu midundo ya drams yenye viwango tofauti vya mapigo yaliyohamishwa kutoka mahali yanapotarajiwa. Hamu ya kucheza na raha vilikuwa juu zaidi kwenye kiwango cha kati. Mdundo ulionyooka mno haukuwasisimua sana, na uliovurugika mno vilevile. Utafiti huo haukuhusu gitaa la jazi, lakini unaafikiana na desturi ya wasindikizaji wazuri. Katika albamu ya “Undercurrent”, iliyotoka mwaka 1962, mpiga gitaa Jim Hall na mpiga piano Bill Evans walikuwa wawili tu, bila besi wala drams, na kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi.

Basi fanya mtindo mmoja kwa juma zima. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza mambo mawili tu: mlio ulianza wapi, na ulikatika wapi. Yakishatulia, ongeza kodi mpya. Mpiga solo anayejua pigo liko salama mikononi mwako ataweza kuchelewa, kutangulia na kujaribu asichowahi kujaribu, na huo ndio msaada mkubwa kuliko kodi yoyote ngumu utakayompigia.